Wanangu wa Manchester United, mwacheni Ferguson apumzike

Wanangu,

Nawasalimu nyote, mlioko Dar, Mombasa na ughaibuni. Mnajua napenda timu hiyo hiyo. Lakini kila tukifungwa bao la pili, kibanda umiza kizima kinamlilia kocha wetu wa zamani, Alex Ferguson: "Angekuwepo Ferguson!" Kisha inaanza hesabu ya kumtimua kocha aliyepo. Linaniuma, ndiyo maana naandika.

Ferguson mwenyewe hakuanza akiwa huyo mnayemlilia. Alifika Novemba 1986. Msimu wa 1989/90 tulimaliza nafasi ya 13, na pale Old Trafford lilishainuliwa bango la kumtaka aondoke. Kombe lake la kwanza, la FA, lilikuja Mei 1990. Ubingwa wa ligi ukangoja hadi 1993. Viongozi walimvumilia kwa sababu walimwona akijenga timu za vijana na kuongeza wasaka vipaji.

Sasa tazameni 2013. Anaondoka na ubingwa wake wa 13. Kiangazi hicho hicho anaondoka David Gill, mtendaji mkuu aliyezoea kufunga mikataba ya wachezaji. Kocha mpya, David Moyes, anaingia na watu wake kutoka Everton, na wasaidizi wa Ferguson, Mike Phelan, René Meulensteen na kocha wa makipa Eric Steele, wanaaga. Kocha, msajili na waliojua mazoezi yanavyopangwa, wote wametoka kwa mpigo! Dirisha la usajili linafungwa, jina kubwa lililopatikana ni Marouane Fellaini tu. Moyes alikuwa na mkataba wa miaka sita. Aprili 2014 akafukuzwa, hata mwaka haujatimia. Kuachana na wasaidizi wale lilikuwa kosa lake, simtetei. Ila nyumba ilishabomolewa kabla hajakaa.

Najua hamtaki kusikia habari za Liverpool. Nivumilieni. Kocha wao Bill Shankly alipong'atuka mwaka 1974, walimpa timu Bob Paisley, mtu aliyekuwa pale tangu 1939: mchezaji, kisha mwenye kutibu majeruhi, kisha msaidizi. Makocha wasaidizi Joe Fagan na Ronnie Moran wakabaki. Pale Anfield walikuwa na chumba kidogo cha kutunzia viatu, humo ndimo walimokaa kuijadili timu, na mazoezi ya kila siku yaliandikwa kwenye madaftari. Kwa hiyo Shankly aliondoka, lakini kazi ilibaki na wenyewe. Paisley akatwaa ligi 6 na Kombe la Ulaya mara 3. Na bado haikuwa rahisi: Shankly aliendelea kuja mazoezini, wachezaji wakimwita bosi, hadi ikawa tabu kwa wote wawili. Mzee yule aliumia sana.

Basi tukitaka kukasirika, tukasirike panapostahili. Tuulize nani anasajili, na anasajili kwa mfumo wa nani. Tuulize kocha akiondoka kesho, nani anabaki anayejua kazi. Makocha wengi wamepita tangu Moyes, kila mmoja na aina yake ya wachezaji, na kila anayefuata anarithi kikosi asichokitaka.

Mei 2013, Ferguson alishika kipaza sauti katikati ya uwanja akatuomba jambo moja: tusimame na kocha mpya. Hatukumtimizia. Msimu ujao kocha akipoteza mechi tatu, msinitumie tena picha za mzee akitafuna bigijii, chini yake matusi kwa aliyepo benchi.

Mzee wenu