Tuwaeleze watoto Pasaka inakotoka

Mhariri,

Jumapili ya Matawi mwanangu aliniuliza mbona mwaka 2024 Pasaka iliangukia Machi 31, na mwaka 2025 ikawa Aprili 20. Nilimweleza nilivyofundishwa na nyanya yangu: hesabu ni ya mwezi wa angani. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliamua Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja, na utaratibu uliokita mizizi ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Jina lenyewe limetoka kwa Wayahudi, katika sikukuu ya kukumbuka walivyotoka utumwani Misri.

Kinachoniuma ni kwamba vijana wetu hapa Kisumu wanajua Pasaka kwa nauli za matatu kupanda na mayai ya chokoleti ya supamaketi tu. Hata yai lina historia yake! Zamani Wakristo wa Ulaya hawakula mayai wakati wa Kwaresima, kwa hiyo yalirundikana hadi mfungo ulipoisha.

Kwetu Manyatta tawi la Jumapili ya Matawi ya mwaka jana lilikaa juu ya mlango hadi likawa rangi ya ugoro, linavunjika ukiligusa. Kabla ya Jumatano ya Majivu tulilirudisha kanisani likachomwa, na majivu ya matawi hayo ndiyo tuliyopakwa kwenye paji la uso. Mwanangu alilibeba mwenyewe, kwa mikono miwili.

Wazazi wenzangu, naomba tuyasimulie haya nyumbani, tusiwaachie makatekista peke yao.

Mzazi,
Manyatta, Kisumu