Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Breki Kabla ya Rangi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango: Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze mambo yote ya mwaka. Nitayaeleza yote, ila si kwa urefu sawa. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya gari tunalolijenga wenyewe, na wapo waliowahi viti vya mbele ili waniulize kwa nini mpaka leo halijapakwa rangi. Basi niyapitie haya mengine haraka.

Ada ziliingia kama zinavyoingia siku zote huku kwetu: kwa kusuasua tangu Januari, halafu kwa kishindo minada ya korosho ilipoanza. Mweka hazina atawasomea hesabu, na risiti zote ziko pale mezani. Wanachama wapya wapo, wengi wao vijana waliotoka VETA, nao nawakaribisha. Mwenzetu tuliyemzika mwezi Julai tumekwisha kumwombea mwanzoni mwa kikao. Ziara ya Kilwa haikufanyika, kwa sababu fedha yake mliamua wenyewe iende kwenye breki.

Sasa gari.

Mkutano uliopita ulikubali tujenge gari moja kwa mikono yetu, la mtindo wa spidista za zamani, katika gereji ya familia ya Fundi Mkuu wetu pale Magomeni, hapahapa Mtwara. Familia itoe eneo, vifaa na ufundi. Chama kitoe malighafi. Mama mwenye gereji akaweka sharti moja mbele ya mashahidi: gari la mteja kwanza. Sharti hilo ndilo lililopanga mwaka wetu. Kuanzia Mei wakulima huleta mashine za kupulizia mikorosho, na ukungu wa mikorosho haumsubiri fundi. Minada ikifunguliwa, malori yanapanga foleni mpaka barabarani. Spidista ilipata siku za Jumapili, na jioni zile ambazo umeme ulikuwepo.

Kwa wageni wa jambo hili, spidista ni gari la watu wawili, halina paa, halina milango, na kioo chake cha mbele, kama kipo, ni kiduara kidogo mbele ya uso wa dereva. Miaka ya 1910 kule Marekani, wenye fedha walinunua Mercer Raceabout au Stutz Bearcat. Asiye na fedha alitafuta Ford Model T kuukuu, akang'oa bodi, akashusha chesisi, akafunga viti viwili na tangi la mafuta nyuma ya mgongo wake. Model T zilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, kwa hiyo za kuchezea hazikukosekana. Yakazuka na maduka ya kuwauzia watu hao vipuri. Louis Chevrolet na mdogo wake Arthur waliuza vichwa vya injini vya Frontenac kwa ajili ya Ford hizo. Mimi nilipotetea mradi huu nilikuwa nawafikiria hao wa gereji za uani. Wa Mercer tuwaachie makumbusho.

Tuliazima kipimo kimoja cha Model T: sentimita 254 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Chuma cha chesisi kilinunuliwa kipya. Vijana walinung'unika, maana yadi za vyuma chakavu zimejaa chesisi za bei ya kutupa, lakini chuma kilichokaa miaka mingi karibu na bahari kinaweza kuonekana kizima kwa nje huku ndani kimeliwa. Binti wa Fundi Mkuu, ambaye uchomeleaji kajifunza VETA na ukali kajifunza kwa mama yake, alishika kazi hiyo. Kabla ya kila mchomo wa kudumu alipima mshazari huu na mshazari ule; vikilingana, fremu imekaa sawa, visipolingana, anafungua vibanio na kuanza upya, awe amesimama mwenyekiti pale au asiwepo. Fuawe waliyonyooshea vyuma ni kipande cha reli. Mzee, yaani Fundi Mkuu, anasema ni ya ile njia ya reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, iliyotoka hapa Mtwara kwenda Nachingwea kabla haijang'olewa. Mradi ule ulianza 1947 na haukufika mbali, ila vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta kwa ajili yake, kwa hiyo tusijione sisi ndio wa kwanza kugeuza chuma kazi.

Ugomvi mkubwa wa mwaka ulikuwa injini. Vijana walitaka yenye tabo na kompyuta. Fundi Mkuu akaleta 5K ya Toyota, iliyotolewa kwenye LiteAce ambayo bodi yake ilikwisha kabisa: silinda nne, sentimita za ujazo 1,486, kabureta, na kemshafti iliyo ubavuni mwa bloku ikisukuma valvu kwa vijiti. Injini ya Model T ilikuwa ya lita 2.9 na ilitoa nguvu za farasi 20 tu, kwa hiyo 5K yenye nusu ya ujazo huo inaizidi kwa mbali. Nilipiga kura upande wa Mzee. Injini inayotengenezeka Nanyamba kwa bisibisi na kipande cha msasa ina thamani kuliko ile inayosubiri mtu wa kompyuta kutoka mjini. Tuliirudisha nyuma ya ekseli ya mbele, viti vikasogezwa karibu kabisa na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na ndivyo boneti ilivyopata ule urefu wa kizamani.

Kwa kusogeza hivyo propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, ikabidi ifupishwe, na propela iliyofupishwa lazima isawazishwe, la sivyo itatetemesha gari zima na kula beringi. Tuliituma Dar es Salaam. Mwezi Mei, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yakaikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na propela yetu ikabaki upande wa pili pamoja na malori na mabasi ya watu wenye shida kubwa kuliko zetu. Bushi za kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia likikata kona, nazo zilikuwa kwenye mzigo huohuo. Familia haikukaa kusubiri: kijana wa pili wa Mzee alizikereza mwenyewe kwa bronzi, akazisugua mpaka kingipini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Za dukani zilipofika tulizilinganisha, tukaacha zake.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye usukani, kwa sababu fedha nyingi imelala pale na haionekani kwenye picha. Ekseli ya mbele ni ya lori dogo, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, ndiyo inayolipatia gari sura yake. Ilipimwa kwa kamba. Kamba ilianzia kwenye kingipini ya kila upande, ikapita juu ya mkono wa tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja, ikavutwa hadi nyuma. Kamba mbili zikikutana katikati ya ekseli ya nyuma, gurudumu la ndani ya kona litakata zaidi kuliko la nje, na ndivyo inavyotakiwa, maana la ndani linazunguka duara dogo. Kwa kuwa lori lile lilikuwa refu kuliko gari letu, kamba zilikutana nyuma kidogo ya difu. Yupo aliyeshauri mikono ya tairodi ipashwe moto ipindwe. Mzee alikataa, nami namuunga mkono: tofauti ilikuwa ndogo, na mkono wa usukani uliochomwa ovyo hutoa taarifa siku unapokatika. Baadaye ukaja mlalo wa kingipini. Kichwa chake kinapaswa kulala kidogo kuelekea nyuma. Ikisimama wima, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga kadiri mwendo unavyoongezeka. Ziliwekwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli mpaka mlalo ukafika nyuzi kama tano.

Kwenye breki tuliachana na ukale. Model T haikuwa na breki za mbele kabisa. Pedali yake ilikaza mkanda ndani ya giaboksi, na mkono ulishika magurudumu ya nyuma. Anayetaka historia kwa kiwango hicho ajenge lake, afunge na mkaja. Letu lina breki magurudumu yote manne, na masta silinda yake, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina vyumba viwili, ili bomba la mbele likipasuka, za nyuma ziendelee kushika. Ziara ya Kilwa imo humo.

Jambo la rimu lilitaka kutugawa. Spidista ya picha ina magurudumu ya spoku, na mwanachama mmoja alijitolea rimu za bodaboda, za bure, mpya. Zilikataliwa. Pikipiki hulala kwenye kona, kwa hiyo spoku zake karibu hazisukumwi kwa ubavu. Gari halilali, uzito wote unaisukuma rimu kwa pembeni, na spoku zile hazikuundwa kubeba hivyo. Tumefunga rimu za chuma za inchi 16, nyembamba. Hazina urembo mwingi, lakini zimenyooka.

Bodi ndiyo kazi iliyonifurahisha zaidi, na nadhani Mtwara haina haja ya kumwonea mtu wivu hapo. Magari ya zamani yalijengwa kwa fremu ya mbao iliyovishwa bati, na Morgan kule Uingereza wanafanya hivyo hadi leo. Tulimwita fundi wa majahazi kutoka Mikindani. Alizunguka chesisi bila kusema neno, akaomba kuona mchoro wa mkia, akacheka, kisha akachagua mbao za mninga zilizopinda kwa asili yake, kama achaguavyo za mataruma, yaani mbavu za jahazi, badala ya kukunja zilizonyooka. Mkia ule uliochongoka nyuma ya viti ni mkono wake. Bati lilifuata mbao bila kulazimishwa, na fundi bodi wetu, ambaye ni mgumu wa kusifu watu, alikwenda kumpa mkono.

Tangi la mafuta limetengenezwa upya, na nataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba hakuna mwanachama atakayechomelea tangi au pipa lililowahi kuwa na petroli katika kazi ya chama. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hubaki ndani siku nyingi baada ya mafuta kwisha, na cheche moja inatosha.

Jaribio lilifanyika ndani ya uzio wa ghala la korosho, kabla msimu haujaanza, kwa ruhusa ya mwenye ghala. Aliendesha binti wa Mzee. Kiti cha pili kilibaki kitupu kwa amri ya baba yake. Gari lilikwenda, likakata kona, usukani ukarudi wenyewe, na lilipokanyagwa breki likasimama bila kuvuta upande. Rejeta ilichemka. Ile sura nyembamba iliyosimama wima ni nzuri kwa macho, lakini jua letu halijali sura. Feni ya umeme imeongezwa nyuma yake na joto limetulia.

Nakuja kwenye rangi. Chesisi na bati vimepakwa praima, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu, tena tabaka mbili, kwa sababu hewa ya bahari hapa hula chuma kitupu kabla hujamaliza chai. Rangi ya mwisho haijapakwa kwa makusudi. Bado hatujafunga indiketa, mikanda, vioo vya pembeni na taa za nyuma, na kila kimoja kinataka tundu. Halafu mkaguzi wa magari wa polisi akisema hiki kihamishwe, tutatoboa na kuchomelea juu ya rangi mliyoichangia. Mpaka likaguliwe na kusajiliwa, halitatoka nje ya geti kwa magurudumu yake. Wanaotaka lionekane Nanenane pale Ngongo, Lindi, sina kipingamizi, ila litapanda juu ya Canter na kufungwa kamba.

Pendekezo la kamati, basi, ni kwamba fedha za mwaka ujao zianze na taa, mikanda, ukaguzi na usajili, na kitakachobaki kiende kwenye rangi. Kuhusu rangi yenyewe, kamati imegawanyika kati ya kijani na nyekundu, na Mama mwenye gereji amesema gari likikaa kwake itakuwa ya krimu. Nashauri tupige kura leo kwa hoja ya kwanza, na hii ya pili tumwachie Mama.

Naomba kuwasilisha.