Taarifa ya mwenyekiti 2025: mwaka wa kutunza zaidi ya kujenga

Wanachama wenzangu habari zenu, poleni na majukumu ya mwisho wa mwaka. Katiba inanitaka nisome taarifa kwenye mkutano mkuu ila naituma mapema ili tukikutana tusikae kusomeana karatasi, tujadili tu. Ya hela sigusi, mweka hazina ana taarifa yake na ataisoma mwenyewe.

Mwaka huu sisi mafundi wa chama hiki tumewajengea mashirika websaiti mpya chache kuliko mwaka jana, na huo ulikuwa uamuzi wa kamati, najua kuna wenzetu haukuwafurahisha. Sababu ni kwamba mashirika mengi tunayoyahudumia hela ya websaiti wanaipata kwa mfadhili, inakaa kwenye bajeti ya mradi sehemu ya mawasiliano, mradi ukiisha nayo imeisha, na sijaona mfadhili anayeweka fungu la kulipia hostingi (nafasi kwenye seva inayoiweka websaiti hewani) mwaka wa tatu au la mtu wa kuapdeti plagini, vile viprogramu vya nyongeza. Ni sawa na kupewa gari bila hela ya oili. Ukija kushtuka afisa mawasiliano kashahamia shirika lingine na paswedi kaondoka nazo.

Niwape kisa kimoja maana kimekula muda wetu kweli. Shirika moja la haki za wanawake, jina naliacha, mtu akilitafuta Google yanatokea matangazo ya kamari kwa Kiindonesia, "slot gacor" na vitu vya namna hiyo, lakini mkurugenzi akifungua websaiti kwenye laptopu yake anaiona safi kabisa, kwahiyo akawa anaona tunamtisha ili tupate kazi. Wadukuzi ndo ujanja wao huo, kodi waliyopachika, yaani maandishi ya programu, inaangalia kwanza anayekuja ni roboti wa Google au ni binadamu, roboti anapewa kamari, binadamu anapewa websaiti yenu kama kawaida. Mlango waliopitia ni plagini ya slaidi za picha ambayo haijaguswa tangu siku ya uzinduzi. Vijana wetu wakakuta mafaili ya PHP, yaani ya programu, yamejificha kwenye folda ya uploads, ambako panatakiwa kukaa picha na PDF tu, na yuza mmoja mwenye cheo cha admini ambaye ofisi nzima hakuna anayemjua. Wakatoa mafaili yote ya WordPress, programu inayoendesha websaiti hiyo, wakaweka mapya, plagini zikapakuliwa upya, paswedi zote zikabadilishwa mpaka ya databesi, folda ya uploads ikafungwa isiendeshe PHP kabisa, alafu ndo wakaingia Search Console, sehemu ya Google kwa ajili ya wenye websaiti, kuomba zile kurasa ziondolewe. Kusafisha sio kazi kubwa, kazi ni kusubiri Google asahau. Bakapu ilikuwepo jamani, ila ilikaa kwenye seva hiyohiyo na yenyewe ilikuwa na uchafu uleule.

Suala la domeni, yaani jina la websaiti, nitakuwa mkali kidogo. Hizi .or.tz ziko chini ya tzNIC, wasimamizi wa majina ya .tz, na zinasajiliwa kupitia mawakala wake, utaratibu unaeleweka, lakini bado tunakutana na mashirika ambayo domeni yao iko kwa jina na imeli ya fundi aliyewajengea, na fundi mwenyewe hapokei simu. Siku domeni ikiisha haipotei websaiti peke yake, imeli zote za ofisi zinakata, mfadhili anaandika ujumbe unamrudia, anadhani mmefunga. Kwahiyo fundi wa chama hiki hasajili domeni kwa jina lake, hata kama shirika limemuomba, hata kama uzinduzi ni kesho na mgeni rasmi kashaalikwa. Na imeli ya usajili isiwe ile iliyopo kwenye domeni hiyohiyo, maana ikishakatika utapokelea wapi namba ya siri ya kuirudisha.

Vyeti vya Let's Encrypt, vile vya bure vya siku 90 vya usalama wa websaiti (https), tangu Juni mwaka huu wenyewe wameacha kutuma imeli za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Wengi tulikuwa tunategemea hizo imeli. Katibu ameshaweka programu inayochungulia websaiti zote tunazozitunza na ikiona tatizo inatupa taarifa kwenye grupu. Drupal 7, programu nyingine ya kuendeshea websaiti, nayo iliachwa rasmi tarehe 5 Januari 2025, aliye bado na shirika huko aje tumsaidie kuhamisha, asikae kimya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kufanya kazi Mei 2023, ila ukipita kwenye websaiti za mashirika ya watoto bado unakuta sura ya mtoto, jina, shule na kijiji na stori nzima ya alichofanyiwa, eti ni stori ya mafanikio. Tumezishusha kadhaa baada ya mazungumzo marefu, wengine walinuna. Hapo mimi sitarudi nyuma. Kwa mashirika yanayosaidia waliofanyiwa ukatili tumeanza pia kuweka kitufe cha kutoka haraka, ukikibonyeza kinakupeleka kwenye ukurasa wa hali ya hewa, na namba 116 ya msaada kwa watoto imeandikwa kama maandishi unayobonyeza ukapiga, sio ndani ya picha kama walivyozoea mabango.

Picha za kufungulia websaiti bado ni kilio. Mtu anapandisha picha ya mkutano imetoka kwenye kamera vilevile, megabaiti sita, wakati anayeifungua yuko kijijini na bando la siku. Ipunguzeni upana kwanza, kisha igeuzeni WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, WordPress inaipokea tangu toleo la 5.8.

Mwishoni mwa Oktoba intaneti ilipokatika nchini kila mmoja anajua ilivyokuwa. Seva nyingi ziko nje kwahiyo websaiti zenyewe zilikuwa hewani, wa kuzisoma ndo hakuwepo. Shirika moja lilikuwa limechapisha namba zake za msaada kwenye vipeperushi na simu ziliendelea kuingia, wengine waliokuwa na fomu ya mtandaoni tu walikaa kimya mpaka mtandao uliporudi. Naomba mtu mwenye uzoefu wa SMS ajitokeze tuliongelee hili kwa kina.

Kwenye mkutano kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura: tusianze websaiti mpya mpaka shirika lisaini nani atalipa hostingi na nani atafanya matunzo kwa miaka mitatu, na kama hawana hela tuwajengee ukurasa mmoja wa kawaida usio na databesi wala plagini, ambao unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Wanaopinga waje na mbadala. Nafasi ya mhariri wa maudhui iko wazi tangu aliyekuwepo ahamie Arusha, majina apewe katibu kabla ya mkutano, na kila mwenye domeni zinazoisha kati ya Januari na Machi alete orodha yake siku hiyohiyo.