Mkituambia msongo wa mawazo umepungua kwa nusu, mtuambie pia umepimwaje

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Umoja. Mimi ni msomaji wako wa kila siku na kazi yangu ni kuzunguka mitaani na tableti nikiuliza watu maswali ya utafiti, Kayole, Dandora, Mathare, Kawangware, kote huko, na kuna jambo nimekaa nalo moyoni muda sasa nikaona leo nikuandikie. Ni hizi habari za "utafiti umeonyesha". Unafungua gazeti ama simu unakuta ati vijana wa mradi fulani furaha yao imeongezeka mara mbili, ama msongo wa mawazo wa akina mama umeshuka kwa asilimia 50, na usome hadi mwisho hakuna mahali wamekuambia hiyo furaha ilipimwa na nini. Ukinunua nyama kilo mbili unaangalia mizani ya bucha, lakini furaha tunapokea tu hivyo hivyo.

Acha nikuonyeshe nambari hizi hutoka wapi. Niko Kayole kwa kibanda cha mama mboga, nimefika kwa lile swali la kwa jumla umeridhika na maisha yako kiasi gani, kutoka moja hadi saba. Alikuwa anakata sukuma, akaniuliza saba ndiyo nzuri ama ndiyo mbaya, nikamweleza, akakata kidogo tena bila kuinua macho akasema, "Weka nne basi kijana yangu, hiyo ya katikati, nisikucheleweshe." Nikabonyeza nne. Kabla nifunge tableti akaanza kunieleza kwamba mtoto wake amerudishwa nyumbani sababu ya karo na hajui kesho ataanzia wapi. Sasa hiyo nne ni ya kuridhika ama ni ya heshima kwa mgeni? Na hiyo nne huko ofisini inajumlishwa na sita ya fundi wa viatu na tatu ya jirani, inagawanywa, inatoka na desimali, ikishapata desimali hakuna mtu anaiuliza swali tena.

Shida inaanza kwa kudhani nambari zote ni za aina moja. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Harvard, S. S. Stevens, aliandika makala kwa jarida la Science baada ya kamati ya wanasayansi Uingereza kubishana miaka saba juu ya mambo ya kupima, hasa kama hisia za binadamu zinapimika kweli, na yeye akagawa vipimo mafungu manne ambayo hadi leo kila mwanafunzi wa saikolojia anafundishwa mapema kabisa. Kuna nambari ambayo ni jina tu, kama namba za njia za matatu, 58 ya Buruburu na 46 ya Kawangware, hakuna mtu atatafuta wastani wa hizo. Kuna nambari ya kupanga nani yuko juu ya nani. Kuna ile ambayo hatua zake zinalingana lakini sufuri yake imewekwa tu na watu, kama joto, Nairobi ikiwa digrii 12 alfajiri na 24 mchana huwezi kusema mchana kuna joto mara mbili. Na kuna ile yenye sufuri ya kweli, shilingi, sekunde, siku, hapo ndipo unaruhusiwa kusema mara mbili ama nusu.

Hilo fungu la pili, la kupanga, ndilo linatusumbua sana hapa kwetu. Chukua KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. A ni pointi 12, E ni pointi 1, tunajumlisha, tunagawa, tunapata min, yaani wastani, ya shule na desimali zake, halafu mzazi anahamisha mtoto juu shule moja imezidi nyingine kwa desimali hizo. Lakini nani amewahi kuonyesha kwamba umbali wa kutoka D+ hadi C- ni sawa na kutoka A- hadi A? Tunajua tu kwamba moja iko juu ya nyingine. Mimi sisemi tuache kuhesabu min, nasema tusiishike kama ni kipimo cha rula.

Na maswali ya nakubali kabisa, nakubali, sina msimamo, sikubali, sikubali kabisa ni yale yale. Hiyo njia ni ya Rensis Likert, Mmarekani, mwaka 1932, na yeye hakuuliza swali moja akaenda nyumbani, aliweka sentensi nyingi juu ya jambo moja akajumlisha majibu, ndiyo mtu akiteleza kwa moja zingine zimsahihishe. Siku hizi unakuta mradi mzima umesimama kwa swali moja tu. Wataalamu bado wanabishana kama hata huo ujumla unafaa kutafutiwa wastani, lakini kwa swali moja pekee afadhali utuambie ni watu wangapi walijibu nini, tutaelewa. Hata PHQ-9, ile dodoso ya kupima sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, iko na maswali tisa ya wiki mbili zilizopita, kila moja sufuri hadi tatu, jumla inaishia 27. Ni kifaa kizuri na kinasaidia daktari kujua nani aangaliwe zaidi. Lakini mwenye 20 si kwamba ana sonona mara mbili ya mwenye 10, na mradi ukishusha watu kutoka 14 hadi 7 usituandikie ati ugonjwa umepungua nusu.

Uamuzi wa kipimo unafaa kufanywa kabla mtu hajakanyaga mtaani. Ukiuliza umri, uliza miaka, usiulize "18 hadi 25", sababu miaka unaweza kuipanga kwa makundi baadaye lakini kundi huwezi kulirudisha kuwa miaka. Kwa pesa ni kugumu zaidi, ukimuuliza mtu wa jua kali anapata ngapi kwa siku kitu cha kwanza anakuuliza ni kama umetumwa na KRA, watu wa ushuru, hapo makundi yanakupa ukweli kuliko shilingi kamili ya kubahatisha. Na badala ya kuuliza mtu ana wasiwasi kiasi gani, muulize pia wiki iliyopita ni usiku ngapi alikosa usingizi. Hiyo anahesabu kwa vidole na sufuri yake ni sufuri.

Hata kipimo kikiwa sawa, bado kuna jaribio lenyewe. Kuna mradi mmoja nilikusanyia data, mafunzo ya kupunguza wasiwasi, ambapo kabla ya mafunzo tulipima watu tarehe za kwanza za mwezi, wakati landilodi anapiga hodi, na baada ya mafunzo tukawapima katikati ya mwezi. Wasiwasi ulishuka, ripoti ikatoka na grafu nzuri sana. Lakini majirani wao wa nyumba zile zile za kupanga, ambao hawakukanyaga kwa hayo mafunzo si pia wangeshuka? Hatutajua juu hakukuwa na kundi la kulinganisha, watu waliojiandikisha wote waliingia. Niliwauliza wakubwa hilo na nikaambiwa wafadhili hawakuitisha. Iliniuma na inaniuma hadi sasa, kwa sababu wale vijana walitupatia masaa yao na siri zao.

Dawa yake inajulikana. Andikisha watu, chagua kwa bahati nasibu nani aanze sasa na nani asubiri, pima makundi yote mawili siku zile zile, na anayeuliza maswali asijue nani yuko kundi gani. Hilo la mwisho watu hulipuuza sana. Huko Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans ambaye watu waliamini anajua hesabu, anagonga jibu kwa kwato, hadi Oskar Pfungst akaonyesha mwaka 1907 kwamba farasi alikuwa anasoma mwili wa anayemuuliza, na aliyeuliza hakuwa anajua kwamba anatoa ishara. Kama farasi anasoma, mama wa Kayole atakosaje kuona mimi natabasamu akitaja nambari ya juu?

Na hatuhitaji kwenda mbali kuona kazi imefanywa vizuri. Rarieda, kaunti ya Siaya, watafiti Haushofer na Shapiro walifuatilia familia zilizopewa pesa bila masharti na shirika la GiveDirectly, wapokeaji walichaguliwa kwa bahati nasibu, na wakapima watu kwa dodoso na pia kwa mate, kutafuta kotisoli, homoni ya msongo. Matokeo yalichapishwa 2016. Kwa dodoso watu walionyesha hali bora ya moyo, kwa mate hawakuona badiliko kwa jumla, ila tofauti kati ya baadhi ya makundi. Wakaandika zote mbili. Hapo ndipo mimi huamini mtu, anapokuambia vipimo vyangu viwili havijakubaliana na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hivyo ombi langu Mhariri ni dogo. Mwandishi wako akiletewa ripoti ya aina hii, aitishe swali lenyewe jinsi lilivyosomwa kwa watu, aitishe majibu waliyopewa wachague, aulize watu walipatikanaje na walilinganishwa na nani, na tarehe. Mistari minne tu chini ya habari inatosha. Kama wenye ripoti hawataki kutoa hayo, habari ingoje.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi