Barua ya wazi kwa Mhasibu Mkuu wa Serikali: sukuk nayo ni dhima

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Nimekesha na hesabu zako za mwaka, na kilichonikera ni kitu ambacho hakimo.

Serikali iliwauzia wenye sukuk (hati za uwekezaji zisizo na riba) jengo la wizara, ikalipanga hapohapo, ikaahidi kulinunua tena baada ya miaka 5 kwa bei ileile. Tuseme milioni 100. Vitabuni mwako jengo limefutwa, fedha zimeingia, na kila mwaka inaonekana kodi ya pango tu. Ahadi ya milioni 100 haipo kwenye mizania. Nimeikuta kurasa za nyuma kabisa, sentensi moja.

Najua wasaidizi wako watajibu: hii ni ijara, yaani upangishaji, si mkopo, ukiiita mkopo umeitia riba. Hoja hiyo siidharau. Lakini uhalali wa mkataba ni kazi ya wanazuoni. Serikali inadaiwa nini na lini, hiyo ni kazi yako. AAOIFI, wanaoweka viwango vya uhasibu wa Kiislamu kutoka Bahrain, mwaka 2008 walimkataza meneja wa sukuk za mudaraba na musharaka, yaani za ubia wa faida na hasara, kuahidi kununua tena kwa thamani ya awali. Mpangaji wa ijara wakamruhusu. Basi aliyeruhusiwa kuahidi si amefungwa na ahadi yake? Hata neno dhima tumelitoa kwenye fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu: kilichoko shingoni mwa mtu mpaka akitimize.

Nawe umetangaza kwamba unafuata IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma. IPSAS 43, ya mikataba ya upangaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, haina kigugumizi: ukiuza na kupanga papo hapo, na udhibiti wa mali haujahama, mali inabaki vitabuni mwako na fedha ulizopokea unaziandika kama dhima. Anayelazimika kununua tena kwa bei ileile ameuza nini hasa? (Usiwaulize wanasheria, kwao hati ikishasainiwa, yamekwisha.)

Rudisha jengo. Iandike milioni 100 kwenye mstari wake, uuite "dhima ya sukuk ya ijara", usiuchanganye na "mikopo", wanazuoni nao wapumue. Eleza mali iko kwa jina la nani na itarudi lini. Eleza pia kodi ikichelewa inakuwaje, maana hapo deni halizai riba. Faini ikiwepo, inakwenda kwenye sadaka.

Mwaka wa tano huenda kiti hicho kina mtu mwingine. Asije akaipata habari ya milioni 100 kwa barua ya madai.

Wako,
Mhasibu mwenzako