Mtetezi wa mshtakiwa asiitwe wakili wa serikali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jina moja linalowaumiza wenzetu wanaoishi Marekani pale wanapofikishwa katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu na si za majimbo, kwa makosa ya jinai. Jina lenyewe ni "wakili wa serikali". Waandishi wetu na wakalimani wengi hulitumia kumtaja wakili ambaye mahakama humteulia mshtakiwa asiye na uwezo wa kulipa, ilhali sisi tuliokulia Tanzania tunajua kwamba Wakili wa Serikali ndiye anayesimama upande wa mashtaka. Mtu aliyekamatwa alfajiri, akaletewa mgeni mwenye faili na kuambiwa kuwa huyo ni wakili wa serikali, atamwamini vipi?

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Jamaa yangu wa karibu alishtakiwa kwa udanganyifu katika maombi ya mkopo wa biashara. Siku ya kwanza mahakamani nilikaa nyuma, nikamwona mama aliyeteuliwa kumtetea akimwinamia na kumuuliza jambo kwa sauti ya chini. Jamaa yangu akakunja mikono na kugeukia ukutani, kwa sababu mkalimani alikuwa ameshamtambulisha mama yule kwa jina hilo. Kwa wiki nzima hakumwambia neno. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo maofisa wawili wa upelelezi walimgongea mlango, naye akawakaribisha sebuleni na kuzungumza nao kwa saa mbili, akiamini kuwa asiye na hatia hana la kuficha. Majibu yake mawili yalipingana na nyaraka za benki, akaongezewa shtaka la kutoa maelezo ya uongo kwa maofisa wa shirikisho, kosa ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5 hata kama mtu hakuapishwa. Alikuwa na haki ya kunyamaza na kuomba wakili kwanza, lakini hapakuwa na mtu wa kumweleza.

Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mshtakiwa wa jinai katika mahakama ya shirikisho asiyeweza kumlipa wakili lazima apewe, na sheria ya mwaka 1964 ikaweka utaratibu wa kuwalipa mawakili hao. Malipo yao hutoka katika fedha za umma, ni kweli, lakini mteja wao ni mshtakiwa peke yake, na siri anazowaambia hawaruhusiwi kumpelekea mwendesha mashtaka. Wengi wao kazi yao ya kila siku ni kesi za shirikisho, kwa hiyo wanaijua miongozo ya adhabu na wanawajua majaji. Kumdharau mtu wa namna hiyo kwa sababu halipwi kutoka mfukoni mwetu ni kosa kubwa.

Nasi tulilifanya. Tulichangishana haraka haraka, kila ndugu na alichonacho, tukamwajiri wakili aliyewahi kutushughulikia makaratasi ya uhamiaji. Ni mtu mwema na hodari katika fani yake, ila hakuwahi kusimamia kesi ya jinai ya shirikisho. Katika mahakama hizo, takriban washtakiwa tisa katika kila kumi humaliza kesi kwa kukiri kosa, na hakuna parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987, kwa hiyo mazungumzo yanayotangulia kukiri ndiyo yanayoamua mtu atakaa gerezani muda gani. Kwa asiye raia, kukiri huko kunaweza kumfukuzisha nchini, na tangu mwaka 2010 wakili wa utetezi anawajibika kumweleza mteja wake hatari hiyo. Hapo ndipo wakili wa uhamiaji anapofaa, awe mshauri pembeni ya mwenzake anayeongoza utetezi.

Mwenye uwezo wa kuajiri wakili wake na aajiri, lakini aulize kwanza ni kesi ngapi za jinai amezisimamia katika mahakama ile ile, nani hasa atasimama mbele ya jaji, na kama ada waliyopatana inagharimia kesi mpaka kusikilizwa kwake au inaishia kwenye kukiri, kisha yote yaandikwe katika mkataba. Anayeahidi ushindi aepukwe. Anayesema umlipe ukishinda aepukwe vilevile, kwa maana maadili ya mawakili wa huko yanakataza malipo ya aina hiyo katika kesi za jinai.

Jamaa yangu alianza kuzungumza na yule mama aliyeteuliwa na mahakama siku alipobadilishiwa mkalimani. Huyu wa pili alimwambia, "Ndugu, huyu ni wakili wako wa utetezi, na utakayomwambia yanabaki kwake." Ndipo alipoinua uso, akaomba maji, na wakaongea mpaka jioni. Ndiyo maana naomba, Mhariri, kwamba kuanzia toleo lijalo gazeti lako liandike "wakili wa utetezi aliyeteuliwa na mahakama". Najua ni maneno mengi kwa kichwa cha habari, lakini msomaji wenu aliyeko mahabusu atajua ni nani aliye upande wake.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Marekani