Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuhesabu Waliorudi

Ndugu wanachama,

Mahudhurio na fedha mtasomewa na katibu na mhazini. Mimi naanza na kosa tunalolirudia: kujivunia wingi wa vidole tulivyotoboa kupima kisukari. Kamati inapendekeza kuwa kuanzia mwaka ujao daftari la upimaji lihesabu watu waliorudi kuthibitishiwa majibu yao, si waliopita mezani.

Mtu asiye na dalili haambiwi ana kisukari kwa kipimo kimoja. Akiwa hajala kwa saa nane, kiwango cha sukari kinachoonyesha kisukari huanzia milimoli 7.0 kwa lita, kwa damu ya mshipa iliyopimwa maabara, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Aliyekula akikutwa na 11.1 au zaidi, huku ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara na anakonda, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliye kati ya 6.1 na 6.9 kabla ya kula hajawa mgonjwa, ila yuko njiani. Huyu ndiye tunayempoteza, maana tunamwambia "uko salama" naye haonekani tena.

Kipimo cha HbA1c, yaani cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambacho mpaka wake ni asilimia 6.5, hakihitaji mtu ashinde na njaa, lakini kinategemea uhai wa chembe hizo, yapata siku 120. Kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni, majibu hupotosha. Mjamzito hupimwa kwa kunywa gramu 75 za glukosi, kati ya wiki ya 24 na 28. Mipaka yake ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja na 8.5 baada ya saa mbili. Kufikia mmoja tu kunatosha kusema ana kisukari cha ujauzito.

Mezani kwetu, mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa. Kidole chenye majimaji ya tunda husomeka juu, kilicholowa husomeka chini. Toboeni pembeni mwa ncha ya kidole, kwani katikati huuma zaidi, na msikikamue. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe mara tu kijiti kinapotolewa; unyevu huviharibu hata kabla ya tarehe ya mwisho. Kitobolea kimoja, mtu mmoja, basi. Homa ya ini huenea kwa uzembe huo.

Kwa watumiao insulini, dawa ya kudunga inayoshusha sukari, hatari ninayoiogopa zaidi ni bomba la sindano lisilolingana na dawa. Ukivuta insulini ya U-100 (uniti 100 kwa mililita) kwa bomba la U-40 (lililopimwa kwa uniti 40 kwa mililita) hadi alama ya 20, umechukua uniti 50. Soma chupa, kisha bomba, kila mara. Insulini ya maziwamaziwa iviringishwe taratibu viganjani hadi ichanganyike, isitikiswe. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyowahi kuganda itupwe, hata ikionekana nzima. Anayedunga palepale kila siku huota uvimbe wa mafuta, na dawa ikidungwa humo hunyonywa ovyo: leo sukari juu, kesho chini, na lawama anapewa daktari.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, asiache kuidunga kwa sababu tu anatapika na hawezi kula. Mwili uliokosa insulini huchoma mafuta, na asidi ya ketoni hujaa kwenye damu. Akianza kuhema kwa kasi, ni dharura.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, mgonjwa apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu au vinne, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Atumiaye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asiachwe peke yake baada ya kuzinduka, hasa mzee mwenye figo dhaifu, kwani sukari yaweza kushuka tena saa nyingi baadaye.

Macho, figo na miguu vikaguliwe kila mwaka. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ukaguzi uanze tangu siku ya kugunduliwa.

Naomba mkutano uridhie daftari jipya liwe na safu tatu: tarehe ya kurudi, majibu ya maabara, na mwanachama atakayemfuatilia mhusika asiporudi.